Mama Mdogo anapiga Linux

Sharti nililojiwekea lilikuwa moja: nisiguse kitu. Nikae kwenye benchi la wateja, mikono mapajani, nimwangalie Mama Mdogo akipiga Linux, yaani akiuweka ule mfumo wa kuendesha kompyuta unaoshika nafasi ya Windows, kwenye laptopu yake mwenyewe, kuanzia flashi tupu mpaka mashine iwake. Nilimwandalia karatasi ya maelekezo, upande mmoja, maandishi makubwa kama ya tangazo la msiba. Nilijiamini. Zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba siku hizi Linux ni rahisi, unabonyeza endelea, endelea, basi. Karatasi yangu ilifia kwenye mstari wa pili.

Mama Mdogo ana steshenari Mabibo, njia wanayopita wanafunzi wa hosteli. Anaprinti, anatoa kopi, anaskani vyeti, anapiga picha za pasipoti, anabaindi ripoti za fildi, na msimu wa maombi ya mikopo anajazia watu fomu mpaka usiku. Ana kompyuta mbili. Ya mezani ni ya kadi za harusi na picha. Nyingine ni laptopu, HP EliteBook 840 G3, aliyoinunua Kariakoo ikiwa imetoka ofisi fulani ng'ambo. Mgongoni bado ina alama ya gundi palipobandikwa namba ya mali ya ofisi. Mashine ngumu, kibodi tamu, RAM ya GB 8. Kosa lake ni umri. Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 6, na Windows 11, kwa upande wa Intel, inaanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa kwa utaratibu wa kawaida, laptopu ya Mama Mdogo ikaachwa kituoni. Akanipigia simu.

"Baba, hii mashine inaniambia muda wake umekwisha. Imekuwa maziwa?"

Kulikuwa na sababu nyingine, na kwake ndiyo iliyouma zaidi. Flashi za wanafunzi. Mwenye steshenari anachomekewa flashi za watu kuanzia asubuhi, na kila flashi imeshapita steshenari nyingine tano. Mnaovijua virusi vya shotikati mnajua ninachosema: unafungua flashi, unakuta ndani yake kuna alama moja tu ya flashi, ukiibonyeza umeshaambukizwa. Mteja anaanza kulia kwamba ripoti yake imepotea na kesho ndiyo siku ya kukusanya. Mama Mdogo alikuwa analipa fundi apige Windows upya karibu kila baada ya miezi mitatu, na kila ikipigwa upya anapoteza kitu.

Nikamwambia, tuweke Linux. Na kwa ubishi wangu nikaongeza: utaiweka mwenyewe.

Hatua ya kwanza nilishaiiba kabla hatujaanza. Linux Mint 22, aina ya Linux niliyomchagulia, ni faili la karibu GB 3, nililipakua usiku nyumbani kwa bando langu na kumletea kwenye flashi. Ubuntu 24.04, aina nyingine ya Linux, ingekaribia GB 6. Mtu anayeishi kwa bando la siku haanzi hata kufikiria jambo hili, na wanaoandika maelekezo mtandaoni huipita hatua hii kwa neno moja: pakua.

Mstari wa pili wa karatasi ulisema: andika faili la ISO (ndilo hilo la Mint) kwenye flashi nyingine kwa kutumia programu ya balenaEtcher. Mama Mdogo akausoma, akavaa miwani, akafungua flashi yangu, akabonyeza kulia juu ya faili, akakopi, akafungua flashi ya pili, akapesti. Akasubiri mstari wa kijani ujae. Akachomoa.

"Tayari. Hatua ya tatu?"

Niliuma ulimi. Kwake kuandika faili kwenye flashi ni kazi anayoifanya mara mia kwa siku, na alikuwa ameifanya sawasawa kabisa. Mimi ndiye niliyetumia neno lake la kila siku kwa maana ambayo hajawahi kuisikia. Faili la ISO ni picha ya diski nzima. Lazima limwagwe kwenye flashi kwa mpangilio ule ule, sehemu ya kuwashia ikae mahali ambapo mashine inaitafuta. Kulikopi kama lilivyo ni kama kuuweka mtungi wa gesi jikoni na lakiri yake. Gesi imo, jiko haliwaki.

Nikamweleza hivyo hivyo, kwa mtungi, akacheka, akafungua Etcher. Huko hakupata shida: kuna vitufe vitatu tu. (Nashukuru sikumpa Rufus, ambayo ni programu nzuri sana, lakini ukiipa ISO ya Linux inakuuliza kama uandike kwa namna ya ISO au kwa namna ya DD. Hilo nalo ni swali la kumuuliza mtu aliyeamka asubuhi?) Ikaandika, ikahakiki, ikamaliza. Papo hapo Windows ikatoa kisanduku chake: diski hii inatakiwa kufomatiwa kabla ya kutumika, ufomati? Kwa kuwa mpangilio wa flashi ile umekuwa mgeni kwa Windows, inaona kama flashi imeharibika. Mama Mdogo akabonyeza ndiyo. Kabla sijavuta pumzi. Ni kisanduku anachokutana nacho kila siku kwenye flashi za wateja, na kila siku jibu lake ni ndiyo.

Dakika kumi na tano za Etcher zikayeyuka. Wakati huo huo wateja wameingia, mmoja anataka CV nakala nne, mwingine anataka kulaminishia cheti cha kuzaliwa. Nikabaki benchini natafakari jambo moja: mpaka sasa hatujaiona Linux yenyewe hata kwa sekunde moja. Hakuna aliyetengeneza Mint anayeweza kulaumiwa kwa yaliyotokea mpaka hapo. Kila sifa tunayoitoa, kwamba skrini za kusakinisha ni nzuri, zina picha, zinajua saa za Dar es Salaam zenyewe, inahusu chumba ambacho huyu mama bado hajaupata mlango wake.

Flashi tukaiandika upya. Sasa mlango wenyewe ni kitufe, cha kuiambia mashine iwake kutoka kwenye flashi. Kwenye HP yake ni Esc, halafu F9. Dell ni F12. Lenovo nyingi ni F12 pia, na nyingine zina kitundu kidogo pembeni unachobonyeza kwa pini. Na kitufe hicho kina muda wake: kabla ya Windows kuamka, sekunde moja au mbili. Mama Mdogo alibonyeza akachelewa. Akarudia, akawahi mno. Mara ya tatu akabonyeza sawasawa lakini akashika kitufe cha jirani.

"Hii ni kama kudandia daladala inayotembea," akasema. "Mimi nilishaacha hayo."

Nikakumbuka kuna njia ya kistaarabu: ukiwa ndani ya Windows, ushike Shift huku unabonyeza kuwasha upya, inakuletea skrini ya bluu yenye chaguo la kutumia kifaa kingine, unachagua flashi. Haina kuvizia. Sijui kwa nini sikuiandika kwenye karatasi. Au najua: kwa sababu mimi nimezoea kudandia.

Halafu ikawaka. Hapo lazima niisifie Linux bila aibu. Kile kitendo cha mfumo mzima kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya mashine, ukautembelea kama mgeni kabla hujaamua kuhamia, ni cha zamani lakini bado kinashangaza. Mjerumani Klaus Knopper ndiye aliyekipa umaarufu kwa Knoppix yake mwaka 2000, enzi za CD. Mama Mdogo akafungua Firefox. Akafungua picha. Akaunganisha intaneti ya simu kwa waya wa USB, nayo ikakubali bila swali (hii ni siri inayostahili kujulikana: kama laptopu yako ina kadi ya Wi-Fi ambayo Linux haiitambui mpaka upakue kiendeshi, yaani programu ya kuitambulisha, na huwezi kupakua kwa sababu Wi-Fi haifanyi kazi, simu ya Android na waya wa kuchajia vinakutoa kwenye mduara huo).

Kisha akafanya jambo ambalo sikumwambia. Akavuta droo, akatoa flashi ya mwanafunzi mmoja wa Ustawi wa Jamii iliyokuwa imelala humo siku mbili, ile ya shotikati, akaichomeka. Ikafunguka. Palikuwa na ile shotikati, faili dogo tu lisilo na meno, na kando yake folda isiyo na jina. Akaifungua hiyo folda. Ripoti yote imo, kurasa na picha, haijapotea hata herufi. Virusi vile huzificha kazi za mtu kwa alama ya kuficha ambayo Windows inaitii na Linux haina habari nayo.

Alikaa kimya kidogo. Akatoa miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena.

"Weka hii," akasema. Kwa hamasa alishasahau kwamba anayeweka ni yeye.

Tukaingia kwenye kusakinisha penyewe. Lugha akachagua Kiingereza, kama simu yake. Kibodi, endelea. Kwenye ramani akaona imeandikwa Dar es Salaam akafurahi kama aliyetajwa redioni. Halafu likaja swali. Lilikuwa kwa Kiingereza lakini tafsiri haikuwa tatizo, anakijua Kiingereza cha kompyuta kuliko watoto wengi wa hosteli. Lilikuwa na chaguo tatu: kuisakinisha Mint pembeni ya Windows, kufuta diski na kusakinisha Mint, au kitu kingine.

Akageuka. "Diski ipi? Ya flashi au ya mashine? Na kazi zangu zilizo kwenye D zinaenda wapi? Na hiki kitu kingine ni kitu gani?"

Maswali manne, na yote manne ni ya akili. Anayejua kompyuta haoni shaka yoyote pale, maana anajua tayari kwamba diski ni moja, kwamba C na D ni vyumba viwili vya nyumba ile ile, na kwamba kufuta diski ni kubomoa nyumba yote. Asiyejua anaona swali fupi lenye kitufe kizuri cha kuendelea.

Mimi mwenyewe nililipa ada pale. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilimpigia Ubuntu mwenzangu wa chumba, nikaenda kwenye "kitu kingine" kwa sababu ndiko wataalamu wanakoenda, nikakuta orodha ya vyumba vya diski kwa majina ya Linux: sda1, sda2, sda5. Nikaifuta sda5 nikidhani ni nafasi tupu. Ilikuwa D yake. Ripoti ya fildi aliiandika upya kwa wiki mbili. Picha za harusi ya dada yake hazikurudi. Tunasalimiana mpaka leo, ila hajawahi kunikabidhi tena mashine yake, hata ya kuchajia simu.

Kwa hiyo sharti langu la kutogusa lilivunjika pale. Nikasimama, tukakopi D yote kwenye diski ya nje, tukahakikisha kwa kufungua mafaili matatu yoyote, ndipo akabonyeza kufuta. Yaliyofuata hayana hadithi: jina, neno la siri, dakika kama kumi na mbili, ikawaka.

Usiku nikirudi Kimara, foleni ya Ubungo ikanipa muda wa kufikiri. Watu wamelihangaikia jambo hili kwa muda mrefu, na wengine kwa ubunifu kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 2008 Ubuntu 8.04 ilikuja na kitu kinaitwa Wubi. Unaifungua ndani ya Windows kama programu yoyote, unaandika neno la siri, unachagua ukubwa, unawasha upya. Ubuntu nzima inakaa ndani ya faili moja kubwa kwenye C, na ukichoka nayo unaiondoa kama unavyoondoa programu nyingine. Hakuna flashi, hakuna F9, hakuna kugawa diski. Kila kitu kilichomkwamisha Mama Mdogo, Wubi ilikipita. Udhaifu wake ulikuwa umeme: kwa kuwa ilikaa ndani ya faili la Windows, mashine ikizimika ghafla faili lile liliweza kuharibika na Ubuntu yote nayo. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS ya kuishikilia umeme ukikatika, mji huu, hesabu mwenyewe. Mashine zilipobadilika na kuja za UEFI, utaratibu mpya wa kuwasha mashine, pamoja na Windows 8, Wubi haikuendana nazo vizuri, na mwaka 2013 ikaachwa. Kwa maoni yangu hakuna aliyemkaribia mtu wa kawaida kuliko walioitengeneza Wubi, na waliowafuata wamekuwa wakipaka rangi skrini zinazokuja baada ya mlango.

Kabla ya hapo kulikuwa na ShipIt. Kuanzia 2005 mpaka 2011, kampuni inayotengeneza Ubuntu ilikuwa inakutumia CD bure kwa posta, popote ulipo. Ya kwangu ilifika kwa sanduku la posta la baba, kwenye bahasha ya karatasi ngumu, na baba akadhani nimeagiza kitu nitakachodaiwa. Mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyejilipia kwenda anga za juu mwaka 2002, aliuita mfumo wake kwa neno la Kizulu na Kixhosa ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa: ubuntu, yaani utu. Ukiiangalia ShipIt kwa macho ya leo, haikurahisisha kitu hata kimoja kwenye skrini. Iliondoa ile hatua niliyoiiba mimi, ya kupakua na kuandika diski. Mtu mwingine aliifanya kwa niaba yako.

Na Kiswahili? Hapa hapa Dar, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitafsiri OpenOffice, programu za bure za kazi za ofisi, na mwaka 2004 ikatolewa kwa jina la Jambo OpenOffice. Kutoka hosteli ya Mabibo mpaka chuoni hapo, Mlimani, wanafunzi wanapanda gari moja asubuhi. Naiheshimu sana kazi ile, na LibreOffice ya leo, iliyotokana na OpenOffice, bado ina Kiswahili ndani yake. Lakini swali la diski, hata ukiliandika kwa Kiswahili cha Bakita, linabaki swali la mtu wa ndani. "Futa diski na usakinishe" haimwambii Mama Mdogo kazi zake zinaenda wapi. Na neno lenyewe la kusakinisha, sijawahi kumsikia mtu akilisema mtaani. Mtaani Windows inapigwa, kama pasi, kama picha, kama mswaki.

Na inapigwa na nani? Ndilo jambo lililonikaa kooni pale Ubungo. Nimekuwa nikilinganisha Linux ambayo mtu anaiweka mwenyewe na Windows ambayo mtu anaikuta. Mama Mdogo hajawahi kupiga Windows hata siku moja maishani. Anampa fundi elfu kumi na tano anakwenda sokoni. Simu yake ya Android ina kiini cha Linux ndani yake, ameitumia miaka yote hiyo, na hakuna aliyemwuliza kuhusu diski. Aliikuta dukani ikiwa ndani ya boksi.

Wiki ile ile aliniuliza swali lililomaliza ubishi: "Sasa hii ikiharibika wewe ukiwa safari, nampelekea nani?"

Nikaenda Kariakoo. Fundi wake ana meza ghorofa ya kwanza kwenye jengo moja mtaa wa Aggrey, meza ya ukubwa wa sinia, taa, multimita, na kopo la flashi. Kila flashi ina plasta yenye maandishi ya kalamu: W7, W10, W11, OFFICE. Tukasalimiana, nikamweleza. Linux alishaisikia, ila aliiona ni ya watu wa seva na wadukuzi. Kilichomvuta ni mashine zenyewe. Anapokea kila siku laptopu kama ya Mama Mdogo, nzima kabisa, ambazo Windows 11 inazikataa, na wenyewe hawana hela ya nyingine.

Nikamwonesha Ventoy. Ni programu iliyotoka mwaka 2020. Unaiweka kwenye flashi mara moja tu, na baada ya hapo faili la ISO unalikopi na kulipesti humo kama wimbo. Ukitaka Windows, Mint na Ubuntu kwenye flashi moja, unazikopi zote, flashi ikiwaka inakuletea orodha uchague.

"Kumbe nakopi tu?"

"Unakopi tu."

Nikamkumbuka Mama Mdogo na miwani yake. Kile alichokifanya kwenye mstari wa pili, ambacho nilikihesabu kama kosa, kuna mtu mahali fulani alikiona watu wakikifanya na akaamua kuitengeneza flashi ikubali. Kwangu huo ndio urahisishaji unaostahili jina. Kisha fundi akachukua plasta, akaandika ZOTE, akabandika.

Nilikaa pale saa tatu nzima, na hapo ndipo nilipojifunza. Akaja kijana na Dell, betri imevimba kidogo. Fundi hakufungua hata mashine, akamwuliza: "Humu kuna vitu vya kubaki?" Kijana akasema kuna picha na kazi za chuo. "Unaifanyia nini?" Kuandika, YouTube, mechi. Basi. Maswali mawili, na kutokana nayo akaamua mambo yote ambayo skrini ingemwuliza kijana moja moja. Vitu vya kubaki: akachomeka diski yake ya nje, akavitoa kwanza, akamwonesha kijana kwamba vinafunguka. Kazi yake haihitaji programu za Windows: Mint. Diski nzima. Kibodi ya Kiingereza. Dar es Salaam. Neno la siri akampa kijana mwenyewe aandike, akageuza shingo.

Mteja mwingine alisema anatengenezea kadi kwa Publisher, programu ya Windows. Fundi akanitazama. Nikatikisa kichwa; LibreOffice Draw inaweza kuyafungua mafaili yale lakini kwa kazi ya kila siku ningekuwa namdanganya. Yule alirudishiwa Windows 10 yake na onyo. Skrini ya kusakinisha haijui kusema "wewe bado". Fundi anajua.

Nami nilimwachia mawili matatu. Laptopu mpya zinazokuja na Windows 11 mara nyingi diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, na ukichezea mpangilio wa kuwaka inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo mwenye mashine autafute kwenye akaunti yake kwanza, kabla ya kitu chochote. Nyingine diski haionekani kabisa kwa sababu BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka, imewekwa kwenye RST badala ya AHCI (ni namna mbili za kuifikia diski), na ukibadilisha kienyeji Windows iliyomo inagoma kuwaka. Na fonti: CV za watu zimeandikwa kwa Times New Roman na Calibri, mbadala zinazokuja na Linux zina vipimo vile vile, lakini mteja akitaka Times New Roman halisi kuna kifurushi cha programu cha kuongeza, ambacho katikati kinakutolea skrini ya kale ya masharti isiyosikia mausi. Unabonyeza Tab, kisha Enter. Nimewahi kumkuta mtu mzima amekaa mbele ya skrini ile nusu saa akibonyeza kwa mausi.

Jioni kijana wa Dell akarudi. Akaiwasha, akaigeuza geuza, akaridhika. Ikafika kwenye malipo. Alikuwa ameshasoma kwenye simu.

"Elfu kumi na tano ya nini, fundi? Si nimeona Linux ni bure?"

"Linux ni bure," fundi akasema, anafunga skrubu. "Mimi nina watoto."

Wakamalizana kwa elfu kumi na mbili.

Huku Mabibo, mashine ya mezani imebaki na Windows yake kwa ajili ya kadi na picha, na flashi ya mteja hairuhusiwi kuigusa. Kila flashi inaanzia kwenye laptopu. Printa ya Epson yenye matangi ya wino ilikubali siku ile ile. Printa ndogo ya leza ya zamani ilinila Jumamosi mbili, na hatimaye tukaiunganisha kwenye ya mezani tukaacha kubishana. Mama Mdogo halitumii neno Linux. Anasema "ile ya kijani". Fundi ameshapita mara moja kuifanyia masasisho, mimi nikiwa Morogoro, na hakunipigia kuniuliza kitu.

Karatasi yangu ya maelekezo bado ipo dukani. Ameigeuza, na upande wa pili uliokuwa mtupu ameandika kwa maka nyekundu, akaibandika mlangoni: TUNAFUNGUA FLASHI ZILIZOFICHA KAZI, 500/=.